Mkaja wa Duka la Kijiji

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wangu, Domina, mwaka wa themanini na mbili, siku mvua ilipotuzuia kwenda shamba na tukakaa jikoni kwake kupukuchua mahindi ya mbegu. Nilikuwa nimekaa miaka sita katika nyumba yake, mke wa mwanawe Tomasi, na habari yenyewe ni ya harusi yangu mimi. Lakini nilikuwa sijui hata kidogo. Wakati mambo yanatokea mimi nilikuwa kwetu Magole, nimewekwa ndani, nakula na kupakwa mafuta.

Mwaka huo wa harusi maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefungwa, na vijiji vikaambiwa kila kimoja kiwe na duka lake. Kijiji cha mama mkwe kilikuwa upande wa Rudewa, pembeni ya mkonge wa zamani. Watu walikuwa wamehamia hapo miaka miwili tu, nyumba zimepangwa mistari, kaya arobaini. Kwa miezi minne hapakuwa na mahali pa kununua hata kiberiti. Ukihitaji kitu unaambiwa subiri, duka likifunguliwa.

Likafunguliwa siku ya Jumatano. Watu walifika mapema, wakakuta mlango bado umefungwa, wakakaa chini wakilitazama duka. Bati jipya, mlango wa kijani, bei zimeandikwa ukutani kwa chaki. Jirani yake Domina, Magreti, mwanamke mwenye mdomo, akasema bati lile linamuumiza macho, kwa hiyo lazima ndani mna kitu.

Kweli mlikuwa na kitu. Mlikuwa na sabuni ya mche, chumvi, majembe, mabeseni yenye maua, pipa la mafuta ya taa, na mizani mpya juu ya kaunta. Mwanamke mmoja alishika mche wa sabuni, akaunusa, akaurudisha, akaenda kupanga foleni upya ili aunuse tena. Mzee Simoni hakutaka kununua chochote mpaka muuzaji, Damiano, ampimie.

"Nikupimie nini, mzee?"

"Usiweke kitu. Ipime tupu kwanza."

"Tupu ni sifuri, mzee wangu."

"Hiyo hiyo sifuri ndiyo nataka niione."

Damiano akaondoa mawe yote, na mzee akainama akatazama mshale umetulia, kisha akasema sasa ampimie chumvi. Alisema miaka yote aliyonunua kwenye maduka ya zamani hakuwahi kuonyeshwa sifuri.

Domina hakuwa na habari na chumvi wala mizani. Macho yake yalikuwa yanatafuta kanga. Siku moja kabla, Jumanne, lori liliposhusha mizigo, wanawake waliona robota limechanika pembeni na rangi zinachungulia. Sasa rafu zote amezitazama na kanga haioni. Anaona gunia tu, limesimamishwa karibu na kaunta, na Mwenyekiti Urbanus amesimama kando yake.

Lazima niseme kwa nini alikuwa anaitafuta. Kwetu, siku ya kumtoa binti, upande wa bwana harusi humpa mama wa binti mkaja. Mkaja ni doti moja ya kanga, vipande viwili vya nguo moja ambavyo bado havijaachana. Cha kwanza ni cha tumbo lililombeba binti, cha pili ni cha mgongo uliombeba. Mashangazi wanaifunua doti mbele ya wote, wanaikagua, halafu mama mwenyewe ndiye anayeitenganisha. Pasipo mkaja binti hatoki. Ukileta kipande kimoja ni matusi, maana umelipa tumbo ukaudharau mgongo. Na mama yangu, Raheli, alikuwa mtu wa kushika mambo hayo kwa mikono miwili. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Urbanus akapiga kaunta watu wanyamaze.

"Ndugu wananchi, zimekuja doti ishirini. Sisi tuko kaya arobaini. Kamati imekaa, na imeona hakuna atakayekosa. Tumekata kila doti katikati. Vipande tumevikunja, tumevifunga kwa katani, tumevichanganya humu ndani. Kila kaya itaingiza mkono bila kutazama, itoe kimoja. Hapa hakuna kupendelea."

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakageuza vichwa, kama mtu aliyesikia sufuria imeanguka chumba cha pili.

"Umekata doti, Ndugu Mwenyekiti?" Magreti akauliza.

"Kamati imekata."

"Kwa mkasi wa nani?"

"Wa shule. Si mkali sana lakini umefanya kazi. Kanga moja inamsitiri mtu. Ya pili ni ya nini kama si maringo?"

"Ya pili ni ya kichwa."

"Kichwa kina nywele, Ndugu Magreti."

Watu wakacheka, hata wanawake. Domina peke yake hakucheka. Akamsogelea Urbanus akamweleza polepole habari ya Jumamosi. Urbanus hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Dada Domina, nikikupa wewe viwili, nitajie kaya itakayotoka hapa mikono mitupu, niwaambie wao." Domina akatazama foleni, kaya kwa kaya, akarudi kwenye zamu yake.

Akaingiza mkono. Kikatoka kipande cha rangi ya chungwa, pindo jeusi, korosho nyekundu katikati. Nje ya duka kulikuwa kama mnada. Kila mwanamke amekunjua chake na kukiinua juu, wanaitana. "Nani ana ya kijani, nukta nyeupe?" "Hii bluu ni ya nani mwenzangu?" Ilipofika saa sita karibu kila kipande kilikuwa kimeona ndugu yake, na wenye navyo wamepatana, wewe utaazima kwangu Jumapili, mimi nitaazima kwako kwenye msiba. Magreti na mke wa Urbanus, waliokuwa hawasemeshani tangu kuhama, waligundua wana doti moja, ikabidi waanze kusalimiana.

Cha Domina hakikuonekana mwenzake. Akazunguka mpaka akachoka. Mwisho mama mmoja akamwambia, "Kama ni chungwa na nyeusi, anacho Soila, mke wa Kisioki. Alivuta, akakitazama, akamfungia mtoto mgongoni hapo hapo, akaondoka zake."

Kisioki na Soila walikuwa Wamasai, wafugaji, walioandikishwa kijijini mwaka ule. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya mkonge. Alhamisi asubuhi Domina akajitanda kanga yake kuukuu, akashika njia.

Akamkuta Soila amesimama kwenye kivuli cha nyumba anajitikisa taratibu, mtoto wake Parit yuko mgongoni ndani ya ile kanga ya chungwa, kichwa kimelala upande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Lakini zungumza chini chini."

Domina akaeleza kwa sauti ya chini. Akaeleza tumbo, akaeleza mgongo, akaeleza Jumamosi. Soila akamsikiliza huku anajitikisa.

"Ninyi watu wa jembe mna kazi," akasema. "Nguo lazima ziwe mbili kama macho. Mimi nilifurahi nilipoona imekatwa. Nikasema hili duka lina akili, limejua ukubwa wa mgongo wangu."

"Kwa hiyo hutanipa?"

"Nitakupa. Kwani nimekataa? Lakini mtoto amelala. Siku tatu alikuwa na homa, halali, ananililia sikioni. Tangu alfajiri ya leo ndiyo amelala, humo ndani. Nikifungua fundo ataamka."

"Basi nitangoja."

"Atalala sana."

"Nitangoja, mwanangu."

Akangoja. Alikuwa ameacha mahindi juani na kuku hawana mtu, na nguo za harusi za Tomasi bado hazijapigwa pasi. Akakaa kwenye kigogo. Soila akamletea maziwa kwenye kibuyu, akanywa. Kivuli kikahama, wakahama nacho, Soila anajitikisa na Domina anamfuata na kigogo chake. Wakazungumza habari za duka. Soila alisema kilichomfurahisha zaidi ni beseni, aliligonga likalia vizuri, atarudi kulichukua. Kitu ambacho hakukipenda ni ile mizani, maana alimwona mzee mzima ameiinamia kama anaiamkia.

Saa kumi Parit akaamka mwenyewe, akapiga chafya, akataka ziwa. Homa imeisha. Soila akafungua fundo, akamkabidhi Domina kanga. Domina akavua ile kuukuu mabegani akampa. Soila akaishika, akaisugua shavuni.

"Hii imeshalainika. Mimi ndiye niliyepata nzuri."

"Basi na harusini uje. Trekta litaondoka na sisi saa mbili."

"Kuna nyama?"

"Ipo."

"Tutakuja na huyu."

Nyumbani Domina akaikunjua ndipo akaona. Katikati ya kipande kulikuwa na alama, pana kama kiganja, ya mafuta na udongo mwekundu aliokuwa amejipaka Soila. Akakaa nayo mapajani. Akiifua, itakunjamana na kupoteza ule ugumu wa nguo mpya, na mashangazi watajua kwa kidole tu. Asipoifua, wataona kwa macho. Ijumaa nzima aliipeleka kwenye beseni la maji na kuirudisha, mara nne alinihesabia. Mwishowe akaamua kuiacha ilivyo, kwa sababu doa lina maelezo na nguo iliyofuliwa haina.

Halafu akachukua sindano. Mkasi wa shule ulikuwa umekwenda upande kama njia ya mbuzi, na hilo likamsaidia, maana vipande viwili vilipokutana viliingiana kabisa, pale kimoja kilipotoka kingine kiliingia. Akavishona kwa mshono mwepesi. Usiku ule aliutumia kwa pasi na mikate, hakulala, na tangu Jumatano hakuwa amelala vizuri.

Jumamosi walikuja Magole kwenye tela la trekta la kijiji, wanaimba, Urbanus amekaa mbele na dereva. Wanawake wakaingia ndani kwetu. Mama yangu amekaa mkekani, mashangazi pande zote. Shangazi mkubwa akapokea doti, akaifunua. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikasikia kimya, nikadhani wanasali.

"Hii ni doti au kiraka?" shangazi akauliza.

Domina akapiga magoti. "Doti, wakwe zangu. Ilikatwa na kamati ya duka ili watu wote wapate. Nimekitafuta cha pili mpaka nimekiona, nikavishona. Tazameni mshono, vimeingiana. Ni nguo moja."

Shangazi akapitisha kidole kwenye mshono, akafika kwenye doa, akasimama. Akamgeuzia mama yangu.

"Na hii nini?" mama akauliza.

"Mafuta. Alibebwa mtoto humo kabla sijaipata."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu," Soila akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama na Parit kiunoni.

"Alilala?"

"Tangu alfajiri mpaka saa kumi. Alikuwa na homa, ikamwisha humo humo. Na huyu mama alikaa kwenye kigogo siku nzima anamngoja aamke."

Mama yangu akaichukua doti, akakata uzi kwa meno, akavuta mshono wote mpaka vipande vikaachana. Kipande safi akajifunga tumboni, juu ya gauni lake. Cha doa akakitandaza mabegani, akainama, akamwambia Soila, "Niwekee."

Soila akampandisha Parit. Mama akafunga fundo kifuani, akajitikisa mara mbili tatu, akasikilizia.

"Siku zote tunapewa cha mgongo ambacho hakijawahi kumwona mtoto," akasema. "Hiki kinaijua kazi. Mtoeni Agnesi."

Nikatolewa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mama yangu ana mtoto wa Kimasai mgongoni, na kwa kuwa bibi harusi hasemi, sikuuliza.

Tukala. Urbanus alipoelezwa yaliyotokea akaacha kutafuna, akasema hakujua kumbe ile ya pili ina kazi, angeambiwa.

"Uambiwe na nani?" Magreti akamjibu. "Miaka ishirini unakaa na mwenye kanga mbili, hukuona?"

"Nilidhani anaona baridi."

Robota lililofuata, mama mkwe aliniambia, halikukatwa. Waliandika majina, wakapata kwa zamu.

Baada ya nyama jua likawa kali na watu wakalegea. Wanaume wakajinyoosha chini ya tela. Mzee Simoni alilala na mfupa mkononi. Parit akalala tena ndani ya ile chungwa, na mama yangu, ambaye hakutaka kumtua, akasinzia amekaa. Mimi nikaletwa mkekani, nikaketishwa karibu na mama mkwe wangu ili anipokee. Akanishika mkono. Nikainua macho kidogo kumtazama, maana nilikuwa nimeambiwa ni mwanamke mchapakazi hodari. Akafungua kinywa kama anayetaka kuniambia neno, kichwa kikamwelemea begani kwangu, na kabla hajalisema akawa amelala.