Kifurushi cha Kipandio cha Juu

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe ishirini Desemba, asubuhi, birika likiwa bado linachemka jikoni. Mke wake alikuwa amesimama mbele ya ngazi, anatundika yai la mwisho, akasema, "Madoa, hebu nishike," kwa sauti ya mtu anayeomba apokelewe ndoo. Madoa alipogeuka, mkewe alikuwa ameshakaa chini, kiganja kifuani, jasho limemlowesha hadi kola.

Madoa ni jina alilopewa na huyo huyo mkewe tangu enzi za uchumba, kwa sababu fundi rangi mzima alikwenda kujitambulisha kwa wakwe na rangi ya kijani sikioni. Mtaa ukalidaka jina, na mvi zilipoingia wakamwongezea "mzee" mbele.

Na ngazi ile ndiyo ilikuwa mti wao wa Krismasi. Mwaka wa kwanza wa ndoa hawakuwa na mti wala mahali pa kuupata, mke akaichukua ngazi ya kazi, ya mbao, ya kukunja, akaisimamisha kwenye kona ya sebule, akaitanua miguu, akarudi nyuma kuitazama. "Chini pana, juu nyembamba," akasema. "Mti unataka nini zaidi?" Tangu hapo kila Desemba ngazi ilipewa likizo, jambo ambalo mwenye ngazi hakuwahi kupewa na tajiri yeyote.

Waliipamba kwa vya nyumbani. Madoa alikata nyota kwenye vifuniko vya makopo ya rangi. Mke alitoboa mayai kwa sindano, akayapuliza hadi yakabaki maganda matupu, akayachovya kwenye masalio ya rangi ambayo mume alirudi nayo kutoka kwenye nyumba za watu. Kila yai likachukua cheo cha mwenye ukuta. La rangi ya maziwa lilikuwa Meneja. La zambarau, Bi Mkubwa. La kijivu lilikuwa Hakimu, nalo alilitundika chini kabisa, "ili na yeye ahukumiwe na paka."

Zawadi hazikununuliwa. Kila mmoja alimtengenezea mwenzake kitu kwa kile kilichokwisha kazi yake humo ndani, akakifunga kwenye kitambaa, akakitundika kwenye kipandio, kikasubiri asubuhi ya Krismasi. Kuna mwaka Madoa alipata kofia iliyotokana na mguu wa suruali yake mwenyewe. Kuna mwaka alimtengenezea mkewe kigoda kikatoka na mguu mmoja mfupi, na mama yule kwa ubishi wake akakikalia siku nzima akiyumba kama mlevi, akisema hajawahi kukaa raha namna ile. Sheria ilikuwa moja tu: anayeuliza kabla ya siku, anakosa.

Jumatatu, siku moja kabla ya mambo kuharibika, kifurushi cha kitambaa cha buluu kilionekana kwenye kipandio cha juu kabisa. Madoa akakizunguka kama mbuzi anayezunguka shamba la mtu.

"Humo kuna nini?"

"Umeuliza," mkewe akamjibu. "Basi umekosa." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumanne hiyo walipiga simu hospitali. Wakaambiwa gari la wagonjwa limetoka. Wakasubiri. Wakapiga tena, wakaambiwa limetoka, kana kwamba ni habari mpya. Seremala wa nyumba ya pili alipoingia na kumwona mama alivyobadilika rangi, hakusubiri kushauriwa. Akaikunja ngazi, akailaza chini, akatupa godoro dogo juu yake. Wakamlaza mgonjwa. Seremala akashika mbele, Madoa nyuma, wakatoka mbio. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuvua mapambo. Nyota za bati ziligongana njia nzima, na watu walijitokeza milangoni wakitabasamu, wakidhani ni mchezo wa sikukuu, mpaka walipoona uso wa aliyelala juu.

Hospitalini machela zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo hakuwepo. Wakaambiwa wamweke hapo hapo kwenye korido, daktari anakuja. Mayai yalipasuka chini yake moja moja. Kipandio cha juu kilikuwa kichwani kwake, na kile kifurushi cha buluu kilimgusa sikio, na Madoa mpaka leo anakumbuka kwamba alikisogeza kidogo kisimsumbue. Daktari alipokuja alikuta kazi imekwisha. Wakambeba kumpeleka ndani zaidi, na nyuma yao mtu akasema, "Ondoeni hii ngazi, inaziba njia."

Baadaye mlinzi wa getini alimnong'oneza kwamba gari la wagonjwa siku ile lilikwenda kubeba viti na keki. Wakubwa wa hospitali walikuwa na sherehe yao ya kufunga mwaka.

Madoa hakusoma sana, lakini hilo halihitaji shule. Gari limebeba keki, mke wake kabebwa na ngazi. Alilisema msibani, akalisema kwenye kazi zake juu ya kuta za watu, akalisema mpaka watu wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Binti yao, fundi cherehani anayeishi mji mwingine, alijaribu kumtuliza: "Baba, moyo ule ungemchukua hata kama gari lingekuja." Naye akamjibu, "Ungemchukua akiwa ndani ya gari. Angalau angekufa kama mtu, si kama mzigo."

Baada ya maziko alirudi hospitali kudai ngazi. Mapokezi walimuuliza ngazi gani. Akaambiwa aende stoo, stoo wakamwambia utawala, utawala wakamwambia hawatunzi ngazi za watu, tena leo mkubwa yuko kikaoni. Alirudi mwezi uliofuata, na mwezi baada ya huo. Walimpiga danadana mpaka mlinzi akawa anamsalimia kama mfanyakazi mwenzake. Hakuna aliyejua kwamba ngazi yenyewe haikuwa inamsumbua kihivyo, maana ya kufanyia kazi aliazima kwa seremala. Alichokuwa anakitaka ni kile cha kipandio cha juu. Katika nyumba nzima, katika nguo zote na vyombo vyote alivyoviacha mkewe, hicho tu ndicho kitu ambacho mama yule alikuwa bado hajamaliza kumpa mumewe.

Mwaka ukazunguka. Binti akaja na boksi la maganda ya mayai aliyoyakusanya tangu katikati ya mwaka, amepakia kwa pamba kama dawa.

"Tupambe, baba."

"Tupambe wapi? Mti uko hospitali."

"Hata dirishani."

"Mama yako alipamba dirisha lini?"

Binti akaweka boksi chini, akavaa tena viatu vyake. "Basi twende tukaufuate. Na wewe leo usigombe na mtu. Acha niongee mimi."

Hawakuhitaji hata kuuliza. Waliposukuma mlango wa mapokezi, ngazi ilikuwa imesimama katikati, imetanua miguu, na karani kijana yuko juu yake anagandisha mapambo ya dukani ya kumetameta kwenye ukuta. Ukuta wenyewe Madoa aliupaka kwa mkono wake, miaka kadhaa kabla. Rangi ya maziwa. Meneja.

"Shuka," akasema.

"Mzee, subiri kwanza, mapokezi ni pale."

"Shuka kwenye mti wangu."

Binti akamshika mkono, lakini sauti ilikuwa imeshatoka, na mganga mkuu akafungua mlango wa ofisi yake kuona kuna nini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Binti akamweleza taratibu, tangu korido mpaka danadana. Mganga mkuu akasikiliza huku anatikisa kichwa.

"Poleni sana," akasema. "Sasa mzee wangu, ngazi tu? Chukua. Ungesema mapema."

Madoa alikuwa amejiandaa kwa mwaka mzima kupigana. Alikuwa na maneno yake, ameyapanga usiku na mchana, na sasa mtu amefungua mlango naye ameegemea mlango huo huo kwa nguvu zake zote. Karibu aanguke.

"Nimesema mwaka mzima," akajibu.

"Ulimwambia nani?"

"Kila niliyemkuta."

"Ndiyo tatizo la ofisi zetu," mganga mkuu akasema, kana kwamba na yeye amekuja kulalamika.

"Na vilivyokuwa juu yake? Kulikuwa na kifurushi. Kitambaa cha buluu."

Mganga mkuu akamtazama karani, karani akainua mabega. "Hilo sasa, mzee wangu, sidhani kama kuna mtu analijua."

Walikuwa wameshafika getini na ngazi yao pale mama mfanya usafi alipowakimbilia, aproni mkononi. Akamsalimia Madoa kwa adabu, akamwita baba, kisha macho yake yakabaki kwenye ngazi.

"Ni mimi niliyeisafisha siku ile," akasema. "Niliambiwa haraka, wageni wa sherehe wanaingia. Maganda nilifagia. Nyota za bati nikatupa, unisamehe. Lakini kile cha buluu, fundo lilinishinda, nikakata uzi kwa mkasi. Niliona hiki si cha kutupa. Nikakiweka juu ya meza ya mganga mkuu."

"Kilikuwaje?"

"Chepesi. Ukikitikisa, kitu ndani kinalia kidogo."

"Kinalia kama nini?"

Mama yule akafikiri kwa bidii, kwa huruma, na ilionekana angetoa mshahara wake apate jibu. "Sijui nikuambie nini, baba. Kinalia tu."

Madoa akageuka. Safari hii binti hakumshika.

Mganga mkuu alimsikiliza amesimama. Mwanzoni alisema mezani kwake vinapita vitu vingi. Kisha akavaa miwani, akaivua tena, na Madoa akaona kitu kikimjia mtu yule usoni ambacho hakukitaka kije.

"Siku ile," akasema polepole, "zawadi zetu zilikuwa juu ya meza hiyo. Tulikuwa tunabadilishana, sisi viongozi na wageni wetu. Kila mtu anachukua kimoja bila kujua cha nani."

"Na cha kwangu kilikuwa humo."

"Huenda kilichanganyika."

"Alikichukua nani?"

"Mzee wangu, mwaka umepita. Kulikuwa na watu wa wilaya, watu wa wizara. Nitaanzia wapi?"

"Anzia kwako. Wewe ulichukua nini?"

Mganga mkuu akatazama dirishani. "Kalamu," akasema. "Mimi nilipata kalamu." Na lazima iaminike, maana mtu hawezi kubuni uongo mdogo kiasi hicho.

Madoa alikuwa na yale maneno yake ya mwaka mzima. Aliyatafuta, hakuyaona. Alimwona tu mtu fulani mkubwa, keki mdomoni, akivuta kitambaa cha buluu, ambacho mke wa Madoa alikikata makusudi kwenye kizibao chake cha zamani, akachungulia ndani, akacheka na jirani yake. Au hakucheka. Au alikitia mfukoni akampelekea mtoto. Au alikitupa dirishani mwa gari kabla hajafika kwake. Alitoka.

Waliibeba ngazi kurudi nyumbani, binti mbele, yeye nyuma, njia ile ile. Ilikuwa nyepesi mno. Mabega yalikuwa yamejiandaa kwa uzito mwingine, na mara mbili alimwambia binti apunguze mwendo, akiwa hajui anamlinda nani. Seremala alikuwa mlangoni kwake. Alipowaona aliweka randa chini na kuvua kofia.

Jioni binti alifungua boksi lake. Alipaka mayai kwa rangi alizozikuta uani, akayatundika, na akajaribu kuchekesha: "Hili jeupe ni Mganga Mkuu. Niliweke wapi?"

"Chini," Madoa akasema. "Chini ya Hakimu."

Ilikuwa karibu kicheko, lakini hakikufika.

Kisha aliinama chini ya kitanda, akatoa zawadi aliyokuwa amemtengenezea mkewe mwaka ule, bado imefungwa kwenye kipande cha pazia. Ilikuwa taa ya kopo, aliyoitoboa kwa msumari nukta kwa nukta, ili ikiwashwa ukutani yatokee maua. Hakuwahi kuitundika, alikuwa ameiahirisha mpaka Jumatano. Sasa aliishika mbele ya ngazi kama mtu aliyefika kwenye nyumba na kukuta wenyewe wamehama.

"Utaifungua, baba?"

"Si yangu."

"Basi tuitundike."

Madoa akaipandisha kwenye kipandio cha juu, na hapo vidole vyake vikagusa kitu. Fundo. Uzi umekatwa pande zote mbili, lakini fundo lenyewe limebaki, limeng'ang'ania mbao, limepakwa vumbi la mwaka mzima wa kazi za hospitali. Alilijua. Mkewe alifunga hivyo kila kitu, magunia, nywele za mtoto, viatu vya mume mvivu, fundo la mtu asiyetaka kitu chake kifunguliwe na asiyehusika.

"Mama hakukuambia?" akamuuliza binti, bila kugeuka. "Hata kwa kukudokeza?"

"Nilimuuliza kwenye simu. Akaniambia na mimi nimekosa."

Madoa akabaki na kidole juu ya fundo. Mwezi ule wa Novemba, jioni moja, mkewe alimwomba aweke kiganja mezani, akakitazama sana, akakigeuza, akacheka peke yake, akaenda zake jikoni. Kwa hiyo ni cha mkononi? Au alikuwa anacheka tu? Kitu chepesi, kinacholia kidogo, kilichotokana na nini humu ndani, kwa ajili ya mkono upi, au kichwa, au ukuta? Alizunguka nyumba kwa macho akitafuta kilichopungua, na kila kitu kilionekana kipo.

Kuna mtu mahali fulani anajua. Hamjui Madoa, hamjui mkewe, na pengine alishasahau, lakini alivuta kile kitambaa na akaona. Wewe uliyekifungua, humo ndani ulikuta nini?