Pijo Iliyokataa Kusimama

Wallahi l-adhim, na nikiongopa halua ya Maskati igeuke mchanga kinywani mwangu: haya nnayoyaandika ni kweli tupu, tangu neno la mwanzo mpaka la mwisho. Wanaosema Jaifar anatia chumvi ni watu wa sabla yetu, baraza letu la jioni hapa Ghubra, Maskati, na ushahidi wao haukubaliki, kwa sababu hawana Pijo.

Mimi nnayo. Pijo 504 nyeupe, nimeipata nikiwa bado na nywele. Ufundi sikusomea popote. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Kila nikishafunga hubaki skrubu mbili tatu mkononi, na gari inakwenda vilevile, maana yake waliotengeneza walizidisha. Breki zake ndiyo usiseme. Siku moja mbuzi alinikatizia njia kule mteremko wa Wadi Kabir. Kabla sijainua mguu gari ilishasimama, na yule mbuzi akanitazama usoni kwa adabu, akapita.

Basi mjukuu wangu Maram, anayeolewa Alhamisi, akaja akaniambia, "Babu, mimi sitaki ile gari ndefu aliyokodi baba. Nataka nitoke nyumbani na Pijo, na dereva uwe wewe." Nikatokwa na machozi. Nikasema vumbi.

Nikaingia kazini. Bibi harusi akipambwa, gari yake ikae hivihivi? Nikafungua magurudumu yote, nikayapaka yakang'ara nje na ndani, hata kule jicho la mtu halifiki. Asubuhi yake nikamchukua mwanangu Safwan, babake Maram, aione. Tulipofika kwenye mzunguko nikakanyaga breki. Nikakanyaga tena. Pijo ikauzunguka ule mzunguko mara saba kama hujaji anayetufu, mpaka ikachoka yenyewe ikapanda kwenye majani.

"Pedali ikoje, baba?" Safwan akauliza, jasho linamtoka.

"Ngumu kama jiwe."

"Pedali ngumu na gari haisimami? Basi Maram hapandi humu. Ikifika Jumatano haijapona, naiita ile niliyoikodi."

Mwanangu mwenyewe! Nimempeleka skuli kwa gari hiyohiyo, leo anaitazama kama jeneza.

Lakini mkosaji nilimjua. Mwezi uliopita niliipeleka Pijo kwa Yaqoob, fundi wa Wadi Kabir, aliyezaliwa Tabora na mdomo wake ameuleta wote kutoka huko. Nikaenda nikasimama katikati ya gereji yake.

"Yaqoob! Breki zangu umezipeleka wapi?"

"Shikamoo kwanza, ami Jaifar."

"Marahaba. Breki zangu umezipeleka wapi?"

"Mwezi uliopita nilibadili mafuta ya injini tu. Breki sikuzigusa." Akaingia, akakanyaga pedali, akaishikilia. "Haishuki. Ingekuwa na upepo ingekuwa laini. Masta silinda haivuji, mipira mizima. Kwa hiyo shida iko kwenye magurudumu. Tuyavue tuone."

"Magurudumu hayaguswi! Yamepambwa."

"Ami, umeniletea mgonjwa halafu unanikataza nisimfunue?"

"Wewe unataka kuficha uliyoyafanya!"

"Basi nenda nayo, mzee wangu. Ila teremka polepole, kule chini kuna watoto wa watu."

Ati teremka polepole! Ananiambia mimi! Jioni nikaenda sabla, nikawaeleza watu Yaqoob ni mwizi wa breki. Ya pili yake nikawaambia breki zangu amemfungia bwana mmoja wa Sohar. Ya tatu tayari zilikuwa zimeshavuka mpaka kuingia Dubai. Watu walisikiliza vizuri sana, hata wawili wakaapa hawatapeleka tena gari zao kwake.

Mchana nilikuwa uani natoa upepo kwenye breki, japo upepo wenyewe hamna. Nyumbani nako hakukaliki. Mke wangu Ruqaya alikuwa anageuza makabati, anatafuta chupa ya mafuta ya Maram: mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa udi na asumini, ya kumsinga bibi harusi mwili mzima. Akamshuku wifi yake Mastura, wakanuniana. Mimi hayo ya wanawake siyaingilii.

Jumatano Maram akaja, macho yamevimba. "Babu, baba anataka kupiga simu. Hebu twende mara moja, nione mwenyewe."

Tukatoka. Mtaani kwetu nikaikanyaga kwa miguu miwili. Pijo ikaenda, ikaenda, ikasimama mbele ya duka la mikate, magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Moshi mtamu, nasema kweli. Watu waliokuwa dukani wakatoka wakajifukiza kanzu.

Maram akateremka. Akainama penye gurudumu, akanusa. Akanusa na la pili. Aliponyanyuka hakuwa tena na uso wa kulia.

"Babu. Hii harufu yangu."

"Gari njema hunukia, mwanangu."

"Babu! Umesinga gari?"

Turudi nyumbani tena kwa nini? Lakini tulirudi, na Ruqaya akanusa, na Mastura akaitwa akanusa, akafurahi kupita kiasi.

"Wifi, mwizi wako huyo hapo, na ndevu zake," akasema.

"Nilitaka yang'ae," nikasema. "Mafuta ya dukani hayana baraka."

"Umeyapaka na ndani?" Ruqaya akauliza. "Mpaka kwenye chuma cha breki?"

"Ndani ndiko ustadi uliko."

Maram alishakuwa na simu sikioni, anaongea na Yaqoob. Nikasikia kicheko chake kutoka Wadi Kabir bila ya simu. Akaja na gari ya kuvuta akaichukua Pijo, apate kuziosha diski na kutia pedi mpya, zile za zamani zimekunywa mafuta mpaka zimelewa.

Na mimi? Mimi nikawekwa juu ya mbuzi, uani, mbele ya wanawake wote wa pande zote mbili, nikune nazi mpaka mafuta mengine yatoke. Walikuwa wanapita makusudi. Nikawaambia mfalme mmoja wa zamani pia alikuna nazi. Hakuna aliyeuliza yupi.

Kabla ya Magharibi Pijo ikaingia ikiendeshwa na Yaqoob, ikasimama papo hapo, kama zamani. Nyuma yake waliteremka watu wa sabla, kawaita yeye. Maram akasimama baina yetu.

"Nitapanda Pijo, babu. Lakini kesho anaendesha ami Yaqoob, wewe unakaa pembeni. Na sasa hivi mwambie, mbele ya hawa uliowaambia."

Nikanyanyuka, mikono imejaa nazi.

"Yaqoob, breki zangu hukuziiba."

"Sijasikia vizuri, ami."

Nikasema tena, kwa sauti.

"Na wa Sohar?"

"Hayupo."

"Na Dubai?"

"Hazikufika."

"Haya," akasema, akajivutia kiti. "Kaa ukune. Nasubiri chai."

Nikakaa nikakuna.