Koili Isiyoungua

Dorkasi alikuwa akisuka utepe kwenye gurudumu, mzunguko juu ya mzunguko, chuma kikigusa chuma, na Injinia Ibrahimu amesimama pembeni akiangalia asilegeze. Hapo Mwera, kwenye banda la zamani la katani, kampuni ilikuwa inajaribu koili za aina mpya. Zikishazamishwa kwenye naitrojeni ya baridi kali, umeme unapita humo bila kuchoka. Hazina kihami, yaani kitu cha kuzuia umeme, katikati ya mizunguko. Utepe ukipata joto mahali pamoja, umeme unahamia mzunguko wa jirani, na koili haiungui.

Joto ambalo koili ililikwepa lilikwenda kota za wafanyakazi. Lilianzia chumba cha kwanza, kwa mlinzi, Mzee Zebedayo. Likimzidi, linavuka ukuta kwa Mastura, halafu kwa Dorkasi na mwanawe Blessing. Nalo huchelewa: mitambo ikizimwa mchana, kota zinaanza kutokota alasiri. Watu waligawana, wakanywa maji mengi, kesho yake wakaamkia kazini.

Lakini Blessing hajaota hata jino. Kila jaribio paji lake lilizidi kuwaka.

"Injinia, tuwekee kihami kwenye koili, japo karatasi," Dorkasi alimwomba.

"Mama Blessing, nikiweka kihami, koili itaungua. Unajua ilivyo ghali?"

Alisema kwa upole kabisa, bwana yule. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi siku ya jaribio kubwa Dorkasi akagongomea godoro na maturubai kwenye ukuta wa upande wa Mastura. Alasiri joto likaja, likagonga godoro, likarudi lilikotoka. Blessing akalala, paji lake la baridi. Dorkasi alifurahi mpaka akaona haya.

Mastura akabisha hodi, jasho likimtiririka. "Mama Blessing, mzee anatoa moshi."

Dorkasi akaenda. Mzee Zebedayo alikuwa ameketi kitandani, shuka lake limeanza kuungua pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo limekataa kupita."

Alirudi chumbani, akasimama mbele ya lile godoro. Alimtazama mtoto. Aliichukia koili, akamchukia Injinia, na Mzee Zebedayo naye akamchukia kidogo, Mungu amsamehe. Kisha akaanza kung'oa misumari.

Joto liliingia polepole. Blessing akaamka, akalia. Dorkasi akamvua nguo, naye akavua blauzi, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, ili fungu la mtoto limpitie yeye. Huko chumba cha kwanza moshi ulikwisha.

Injinia alipita nje akitoka bandani, akasimama mlangoni, uso amegeuza pembeni kwa heshima.

"Imefaulu, Mama Blessing. Haina hata doa. Kesho tunaongeza umeme."

Dorkasi akamuuliza saa ngapi.