Mstari Uliomezwa

Mama Pacha aliingia kwenye karakana ya mawe ya makaburi bila hodi na bila shikamoo, na mwenye kustahili shikamoo alikuwamo mle ndani. Wifi Mkubwa, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, mkoba mapajani, akisubiri jiwe likamilike lipakiwe kwenye pikapu. Walitazamana mara moja, basi. Salamu zilikwisha baina yao siku ya mazishi, pale Mama Pacha aliposogezwa nyuma ya jeneza la mume wake mwenyewe na sauti ikasema, "Tupisheni kwanza sisi wenye mtu." Sauti yenyewe ilikuwa ya huyu aliyekalia ndoo.

Wenye mtu! Yaani miaka yote ya ndoa, watoto wawili aliowabeba tumbo moja, homa za usiku na shida za mchana, vyote hivyo vilikuwa vya mpita njia. Mama Pacha alilimeza neno lile, na halijashuka hadi leo. Akaapa kwamba jiwe la kaburi atalitengeneza yeye, watake wasitake.

Na alilitengeneza. Alikuwa katibu muhtasi, mtu wa kompyuta tangu ujana wake, na kwa kuandika vizuri hakuwa na mpinzani pale ofisini kwao. Alitafuta fonti yenye herufi nyembamba zilizolala kidogo, zinazoshikana mikono kama mwandiko wa kalamu, akaipakua kwenye kompyuta ya ofisini. Akachora kisanduku cha ukubwa sawasawa na jiwe, akayapanga maneno ndani yake. Juu jina, chini ya jina tarehe, kisha: Fundi hodari wa umeme, rafiki wa watu wote. Na chini kabisa mstari aliouandika huku machozi yanamtoka: Mkeo na wanao hatutakusahau kamwe. Mstari ule ndio uliokuwa jiwe lenyewe. Mtu yeyote atakayesimama pale kaburini, awe wa ukoo au wa mbali, atasoma kwamba huyu bwana alikuwa na mke. Mama Pacha hakutaka kingine.

Kosa lake, kama alivyojilaumu baadaye, ni kumpa Wifi Mkubwa ile flashi yenye faili la jiwe. Bosi alimnyima ruhusa siku ile, na Wifi Mkubwa alikuwa anapita njia ya karakana. Flashi ikaenda kwa mkono wa wifi, na leo Mama Pacha amekuja kukagua.

Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya meza ya vyuma. Juu yake ilibandikwa stika ya plastiki, imekatwa matundu ya herufi. Hiyo ndiyo kazi ya pale: maneno yanatoka kwenye kompyuta, mashine inayakata kwenye stika, stika inabandikwa kwenye jiwe, kisha fundi anapuliza mchanga kwa mashine ya upepo. Mchanga unakula pale penye herufi. Na ukishakula umekula, jiwe halina kufuta.

Mama Pacha aliinama akasoma. Jina lipo. Tarehe zipo. Lakini herufi! Zimesimama wima, nene, kavu, utadhani tangazo la kukatwa maji. Akaendelea kushuka. Fundi hodari wa umeme, rafiki wa. Mstari wa pili: watu wote. Kisha jiwe tupu.

Alisoma tena. Jiwe tupu.

"Mstari wangu uko wapi?"

Fundi, mzee mwenye mvi zilizochanganyika na vumbi la mawe, alikuwa anafunga mpira wa mashine ya upepo. "Mstari gani, mama?"

"Wa chini! Wa mwisho! Mkeo na wanao!"

"Mama, mimi sisomi, nakata," alisema fundi, na hakuwa anatania. Hiyo ilikuwa sheria yake. Zamani aliwahi kumsahihishia mteja neno moja kwa nia njema, kumbe ndivyo ukoo wao ulivyojiita, ikabidi achonge jiwe jingine. Toka siku hiyo aliyeleta kazi ndiye anayesoma, na akisharidhika anatia sahihi pembeni ya stika kwa kalamu nyekundu. "Sahihi hii hapa. Mimi nimefuata hiyo."

Mama Pacha hakuhitaji kuambiwa sahihi ni ya nani. Aligeuka taratibu, mshipa wa shingo umemsimama.

"Umenifuta."

Wifi Mkubwa hakuinuka kwenye ndoo. "Nani kakufuta?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea! Flashi nilikupa mkononi mwako wewe. Mstari ulikuwapo. Leo haupo, na sahihi yako ipo. Sasa mstari umetembea kwa miguu?"

"Nilisoma kilichokuwapo nikatia sahihi. Kompyuta yenyewe mimi siijui hata inawashiwa wapi."

"Umemwambia fundi afute!"

"Mama, hakuniambia," fundi alidakia.

"Baba, wewe kata mawe!" Sauti ya Mama Pacha ilitoka nje ikawafikia wapiga randa wa jirani, wakasimamisha kazi wasikilize vizuri. "Siku ya mazishi ulinitoa kwenye jeneza mbele za watu, nikanyamaza. Nguo zake mkagawana sikuulizwa hata soksi, nikanyamaza. Leo unanitoa mpaka kwenye jiwe? Una roho gani wewe mwanamke? Roho ya paka?"

"Heshima ni kitu cha bure," alisema Wifi Mkubwa, mkono umeukaza mkoba.

"Heshima umeizika na kaka... na huyo mdogo wako! Sikuheshimu, na leo nakwambia mbele ya mashahidi, wewe ni mchawi usiye na tunguri."

Lo! Neno hilo likishatoka halirudi. Wapiga randa walitazamana. Fundi akaweka mpira chini akasema kinyonge, "Jamani, funika kombe mwanaharamu apite, pikapu iko njiani." Wifi Mkubwa aliinuka kwenye ndoo, mkoba ameukumbatia.

"Nionyeshe hiyo kompyuta," Mama Pacha aliamuru. "Nataka kila mtu aone."

Kompyuta ilikuwa kwenye kijichumba cha nyuma, imefunikwa kanga iliyochakaa kuzuia vumbi. Alikaa, akachomeka flashi, akafungua faili lake. Wifi Mkubwa aliletwa na miguu yake mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama. Na kweli, kwenye kioo mambo yalikuwa vilevile: herufi wima, mstari wa chini hakuna.

"Mnaona? Mnaona?"

Akabofya ndani ya maandishi ili aonyeshe pale palipofutwa. Hapo ndipo jicho lake la kazi, ambalo halikuwa na ugomvi na mtu, likapanda lenyewe mpaka kwenye kidirisha cha juu kinachoandikwa jina la fonti. Jina lilikuwa lilelile. Fonti yake, ile yenye herufi za kulala. Lakini herufi zilizo mbele yake hazijalala hata kidogo.

Akalisoma jina lile mara ya pili.

Alilijua jambo hili. Amelieleza mara ngapi kwa mabosi waliokuja kufoka kwamba barua yao "imeharibika" walipoifungulia nyumbani! Faili halibebi fonti, linabeba jina lake tu, isipokuwa uliambie lipachike na fonti yenyewe ndani. Likifika kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu haisemi kitu wala haiombi radhi, inachukua fonti nyingine iliyo karibu na kuivisha maneno yako. Na hii iliyovishwa ni nene. Mstari wa fundi hodari, ambao ofisini ulikaa peke yake kwa raha, hapa haukuenea, ukavunjika ukawa miwili. Kila kitu kikasukumwa chini. Na kisanduku alikichora mwenyewe, akakifunga ukubwa wake mwenyewe kisiongezeke, kwa kuwa jiwe haliongezeki.

Alishika ukingo wa chini wa kisanduku akauvuta kidogo. Mstari ukachungulia: Mkeo na wanao. Akavuta tena. Hatutakusahau kamwe.

Ulikuwapo muda wote. Haukufutwa na mtu. Ulisukumwa nje ya kisanduku ukafichika, na aliyeupanga ni yeye.

Fundi, aliyekuwa anachungulia begani kwake, alisema, "Kumbe," akaona neno halitoshi akarudi kwenye mawe yake.

Mtu muungwana angegeuka pale pale aombe radhi. Mama Pacha hakugeuka. Hasira ikishapanda ngazi zote hizo haishuki kwa kuitwa mara moja, na isitoshe, lile neno la mazishini lilikuwa halijafutika.

"Ni kompyuta," alisema akikitazama kioo. "Haina ile fonti."

"Ahaa," alisema Wifi Mkubwa. "Kompyuta."

Mama Pacha alimpigia simu mwenzake wa ofisini, akamwelekeza faili la fonti lilipo, akatumiwa kwenye simu. Akalihamisha kwa waya, akalisakinisha, kisha akaifunga programu na kuifungua upya, maana ikiwa wazi haitambui mgeni aliyeingia. Alifanya yote hayo haraka haraka, vidole vikikosea kosea kwa sababu ya yale macho yaliyokuwa mgongoni mwake. Faili lilipofunguka, herufi zililala na kushikana mikono, fundi hodari akarudi kwenye mstari mmoja, na chini kabisa mke na watoto wakakaa mahali pao. Kulikuwa na nafasi hata ya kubaki.

Wifi Mkubwa alisogea. Alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Kidole kilikuwa kinatafuta kitu.

"Ndiyo yote hii?"

"Ndiyo yote."

"Hakuna kilichojificha tena huko chini? Hebu vuta."

Mama Pacha alivuta ukingo wa kisanduku. Pakatokea weupe mtupu.

Wifi Mkubwa alivua miwani. "Jana niliposoma pale kwenye stika, nikaona hakuna mke, hakuna dada. Jina lake tu na kazi yake na watu wote. Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamke nilimkosea, ana adabu, hakujiandika yeye wala hakuniandika mimi, tumekuwa sawa. Nikatia sahihi kwa moyo mweupe. Nilikuja leo nikuombe radhi kwa lile neno la jenezani. Nimekaa kwenye ndoo ile nalipanga hilo tu."

Mama Pacha alifungua mdomo.

"Ngoja. Mama yetu alikufa mtoto hajaota jino. Nilimbeba huyu mgongoni, shule nikaiacha kwa ajili yake, nikamtafunia chakula nikamlisha. Ufundi wa umeme huo unaousifia, aliyempeleka akausomee ni mimi. Sasa wewe, mke, umerudi, na ni haki yako. Watoto wamerudi. Mpaka watu wote, watu wa njiani, wameandikwa ni rafiki zake." Alikigusa kioo kwa kidole kilekile. "Wako ulimezwa na kompyuta, nimeona kwa macho yangu. Na mimi, wifi yangu, nimemezwa na fonti gani?"

Mama Pacha aliurudisha mkono kwenye kipanya. Alipoandika ofisini peke yake hakumsahau wifi yake, la hasha. Alimkumbuka vizuri sana, ndipo akamwacha. Uso ulimwaka kwa aibu. Alisogeza kishale juu ya mstari wake mwenyewe, akafungua nafasi, akaandika: Alilelewa na dada yake. Maneno yakaenea bila shida.

"Futa," alisema Wifi Mkubwa.

"Wifi..."

"Futa! Sitaki jiwe la kuonewa haya. Ungetaka kuniandika ungeniandika ulipokuwa peke yako. Mimi ni mchawi, umesema mbele ya watu, na kaburi la mtu mwema haliandikwi mchawi." Alitia miwani mkobani, akageuka, akapita katikati ya mawe ya watu wengine mpaka nje, na wapiga randa wakampisha. Pikapu ilikuwa imefika. Alipanda mbele akafunga mlango.

Mama Pacha alibaki ameshika kipanya. Alikuwa na hasira bado, tena mpya, hasira ya mtu aliyetaka kuomba radhi akakosa wa kumpokelea. Hodari wa kumtoa mtu jenezani, halafu hodari wa kujitoa mwenyewe! Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kama anafukuza inzi.

Fundi alikuja na stika mpya, bado haijakatwa, mkononi. Alichungulia kioo, akautazama ule mstari ulioongezwa, akautazama mlango.

"Mimi sisomi, mama, lakini masikio ninayo. Mwenyewe kasema ufutwe. Tunafanyaje?"

"Kata hivyo hivyo."

"Atakuja kuuona kaburini. Atagomba."

"Agombe," alisema Mama Pacha. "Akitaka kuufuta, aje na patasi."