Mnyororo Haukukatika

Otha Mims hakuwa na shahada. Hakuwa na tiketi ya msimu, wala kiti chenye jina lake katika uwanja wa Chuo cha Tolliver, wala tofali lililochongwa jina kwenye ukuta wa wafadhili. Hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani pale hata siku moja. Alipokuwa kijana, mtu mweusi aliingia uwanja ule kwa ufagio tu. Mke hakuwa naye tangu Lorraine alipofariki, mtoto hakujaliwa, na goti la kushoto alikuwa nalo kwa jina tu.

Alichokuwa nacho ni mnyororo wa lango la kusini.

Nyumbu wa Tolliver wakiwashinda Korongo wa Ashby nyumbani, watu elfu arobaini huhesabu kwa sauti moja sekunde kumi za mwisho. Wakifika sifuri, mlinzi wa lango la kusini huushusha mnyororo, na wanafunzi humiminika kwenye nyasi. Huwakumbatia wachezaji na jasho lao, huing'oa milingoti ya goli na kuibeba mabegani hadi kijitoni. Nani aliianzisha desturi hiyo, mji mzima haukujua. Kwa miaka thelathini na moja mlinzi alikuwa Otha, na umati ulikuwa na mtindo wa kumwita kabla ya kuanza kuhesabu: "O-tha! O-tha!" Wakimwita hivyo, mzee alijiona ameongezeka urefu.

Mwaka ule, siku moja kabla ya mechi, msimamizi wa uwanja, Craig Haskew, alimfuata langoni.

"Mzee Otha, nisikilize vizuri. Safari hii mnyororo haushuki mpaka bendi ya Ashby ipite yote. Ligi wametukodolea macho. Mwezi ujao wanapiga kura kama wapige marufuku kuingia uwanjani, vyuo vyote."

"Bwana Haskew, mimi nilikuwa nashika mnyororo huu wewe ukinyonya kidole."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nakwambia kwa mdomo, sikuandikii."

Siku ya mechi, Nyumbu walikuwa mbele kwa pointi mbili na muda unayoyoma. Bendi ya Ashby ilikuwa imeshateremka jukwaani, imejipanga kando ya ukuta karibu na lango, ikingoja kutoka. Otha aliwaona. Aliyaona matarumbeta yao, na akayahesabu yale makubwa ya kuvaliwa kuzunguka mwili: yalikuwa manne.

"Mzee, umelala?" kijana mmoja alimpigia kelele nyuma ya mnyororo. "Shusha!"

"Mwache, kaposwa na Korongo!" mwingine akadakia, na umati ukaangua kicheko.

Kisha likaja lile jina. Likaanzia juu kabisa, likateremka safu kwa safu hadi likamfikia shingoni. O-tha! O-tha! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tano, nne, tatu. Bendi haikuwa imesogea hata hatua. Mbili, moja. Saa ya uwanjani ikaonyesha sifuri, na Otha akaifungua ndoana.

Walipita ubavuni pake kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Mamia walikuwa wameshafika katikati ya uwanja pale sauti ya refa iliposikika kwenye vipaza sauti: mchezaji wa Ashby alikuwa ametoka na mpira nje ya mstari, jambo linalosimamisha saa, kabla saa haijaisha. Sekunde moja irudishwe. Watu wote watoke uwanjani.

Waliotangulia wakageuka kurudi. Waliokuwa ngazini hawakusikia, au walisikia wakapuuza, wakaendelea kuteremka. Mawimbi hayo mawili yakakutana ukutani, na ukutani palikuwa na bendi. Msichana mmoja mwenye tarumbeta kubwa hakuweza kuinua mikono alivue. Otha alikuwa hatua sita kutoka pale. Aliona mdomo wa lile tarumbeta ukijikunja kama sufuria iliyokanyagwa na gari. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akalia, akavuta watu kwa makoti. Goti halikumfikisha.

Baada ya dakika kumi na moja ile sekunde ilichezwa. Ashby wakapiga mpira, ukapita nje ya mlingoti. Tolliver wakashinda. Siku hiyo hakuna aliyeing'oa milingoti.

Msichana aliitwa Noelle Babin, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Nyonga ilivunjika mahali pawili, na mbavu tatu.

Siku iliyofuata Haskew alimwita Otha ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Mnyororo ulikatika," alisema Haskew. Halikuwa swali.

"Bwana Haskew, mimi ndiye..."

"Ulikuwa mkuukuu. Umati ukasukuma, pete ikaachia. Ulikatika, Mzee Otha, la sivyo Ligi wana sababu waliyokuwa wakiitafuta. Watapiga marufuku kila mahali, na kila atakayeuliza nani alituharibia, ataambiwa jina lako. Unalitaka hilo?"

Otha aliujua mwandiko mzuri. Aliusomea ukubwani, katika madarasa ya jioni, akitoka kazini na viatu vyenye tope. Siku hiyo alisaini kwa herufi zilizolala vizuri upande mmoja, hata Haskew akasifu. Alipotoka alimkuta fundi akiikata pete moja ya mnyororo kwa mkasi wa vyuma. Fundi alitazama chini. Otha naye alitazama chini.

Tangu hapo watu hawakuacha kumfariji. Kwa kinyozi walimwachia kiti kabla ya zamu yake. Kanisani mchungaji alimshika bega, akasema, "Chuma kikichoka kimechoka, Ndugu Mims. Usijitese." Kila faraja ilimwingia kama mwiba wa samaki kooni, na kila mara alijibu, "Asante."

Wiki ya tatu alishindwa kuvumilia. Alimwomba dada yake, Verlene, aoke keki ya njugu za pekani, akaipeleka hospitali.

Msichana alikuwa amelala chali, miguu imeinuliwa. Mama yake alikaa dirishani amekunja mikono.

"Mzee wa lango!" alisema Noelle. "Nakukumbuka. Ulikuwa unalia."

"Nimekuja kukupa pole, binti yangu. Nimekuletea keki."

"Keki ya Nyumbu? Si mmetia sumu?"

"Mwenye keki aonje kwanza," alisema mama yake, na hakutabasamu.

Otha akakata kipande, akala amesimama. Hakuonja utamu wowote.

"Hajafa," alisema Noelle. "Mama, nipe yangu. Mzee, umefika wakati mzuri. Bwana Haskew wenu kaniomba niandike barua Ligi, ataisoma kabla ya kura Alhamisi ijayo. Naituma kesho. Ngoja nikusomee, uniambie kama inaeleweka."

"Mimi nimekwambia usiandike kitu," alisema mama yake. "Wafunge tu. Watu wazima wanakimbia kama mbuzi, kwa ajili ya mpira!"

"Mama, mwaka jana na mimi nilikuwa mbuzi." Akaiinua karatasi juu ya uso wake, akasoma: "Mimi pia niliingia uwanjani Ashby tuliposhinda. Nilikuwa sina rafiki chuoni, na usiku huo nilikumbatiwa na watu mia moja. Kilichonivunja si desturi, ni pete ya chuma. Chuma hubadilishwa. Nilimwona mzee wa lango akilia na kuwavuta watu, alifanya yote aliyoweza. Tafadhali msituadhibu wote kwa kosa la mnyororo." Akaishusha karatasi. "Vipi?"

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno ya Otha. Alimtazama yule mama, akaitazama miguu iliyoinuliwa.

"Inaeleweka," alisema. "Una mwandiko mzuri."

Akatoka akiwa ameisahau kofia yake kitandani.

Nyumbani Verlene alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Otha akakaa, akamweleza yote, hadi hesabu ya yale matarumbeta manne. Kisu kikasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Haskew na fundi wake. Na Mungu."

"Basi kaa kimya. Hao wawili hawatasema, na Mungu sijasikia amepiga simu Ligi." Akaona kaka yake hacheki. "Kaka, umewapa watu furaha miaka thelathini na moja. Mara moja umekosea. Ilikuwa bahati mbaya."

"Haikuwa bahati mbaya, Verlene. Niliambiwa ningoje. Niliwaona. Nikasikia jina langu, nikataka waliite tena."

"Wakipiga marufuku, mji huu hautakusamehe."

"Na yule mtoto je? Ananitetea na nyonga imevunjika vipande! Kaniandika kwenye barua kama malaika."

Verlene akarudi kwenye mboga zake, ila kisu kilikwenda polepole.

Otha alipiga simu hospitali kabla jua halijazama. Alipoisikia sauti ya Noelle alisema haraka, kama mtu anayeruka maji ya baridi: "Binti, usiitume barua yako. Mnyororo haukukatika. Mimi niliushusha, na nilikuwa nimekwisha kuwaona pale ukutani."

Alisikia gurudumu la kitanda likipita mahali fulani.

"Uliniona mimi?"

"Nililiona tarumbeta lako."

"Na wiki tatu hizi umeacha waseme ulikatika... na leo umekula keki hapa mbele yangu."

"Ndiyo."

"Nimeandika kwamba ulilia." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mkubwa. "Usiniambie mimi peke yangu, Mzee. Waambie na wao." Akakata simu.

Asubuhi Otha alikaa mezani na karatasi zisizo na mistari. Ya kwanza aliichana kwa sababu aliutaja umri wake. Ya pili kwa sababu alilitaja goti. Ya tatu ilikuwa fupi:

"Kwa Wakuu wa Ligi. Nilisaini kwamba mnyororo wa lango la kusini ulikatika. Nilisema uongo. Uliteremshwa kwa mkono wangu, bendi ikiwa bado ukutani, na nilikuwa nimekatazwa. Pete ilikatwa baadaye. Mtu aniulize nitajibu yote. Kuhusu kura yenu, mimi sina haki ya kuwaelekeza. Niliipenda desturi hii kuliko ilivyostahili kupendwa. Najua jambo moja tu: mtu anayeshangiliwa kwa kufungua lango hawezi kuwa mtu wa kuamua lifunguliwe lini. Hata mkiiacha iendelee, msimwachie mtu kama mimi. Otha Mims."

Aliisoma mara mbili. Herufi hazikulala vizuri. Hakuiandika upya. Verlene akasimama nyuma yake akaisoma yote, akavuta pumzi, akaenda kuleta stempu.

Gari la posta lilikuwa limeshaingia mtaani. Otha akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akatoka nayo kwa mwendo wake wa kuchechemea hadi barabarani. Hakuitia katika sanduku. Alimpa mpeleka barua mkononi.

"Ligi?" alisema mpeleka barua, akisoma anwani. "Waambie wasituguse, Mzee Otha!"

Otha alingoja hadi bahasha ilipotumbukizwa mfukoni pamoja na nyingine, na gari likaondoka.