Rozmari ya Kuibwa

Mganga hajigangi. Nevenka alikuwa amewapamba maharusi wa jimbo letu la Srem tangu kichwa chake hakijaota hata mvi moja, na sasa, Alhamisi asubuhi, alisimama katikati ya ua wake akiwa na kila kitu isipokuwa kile alichokihitaji.

Mawaridi meupe yalikuwa kwenye ndoo, chini kwenye chumba cha baridi kinachohifadhi mvinyo. Upinde wa getini ulikuwa umeshafungwa waya, ukingoja maua tu. Vifuniko vya viti vilikuwa vimepigwa pasi, na utepe wa gari la maharusi ulikuwa umening'inizwa kwenye mti wa plamu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na bibi harusi safari hii hakuwa mtoto wa mtu mwingine. Alikuwa Jagoda, binti yake wa pekee. Lakini rozmari, kile kichaka cha majani membamba yanayonukia, haikuwepo.

Kwetu harusi bila rozmari ni karamu tu ya watu waliovaa vizuri. Mgeni akifika getini hubandikwa kifuani kijitawi chake chembamba, kilichofungwa utepe mweupe, na ndipo anapohesabiwa kuwa amekuja harusini. Bibi harusi naye huchukua kijitawi kimoja akakipanda kwake. Kikishika mizizi, watu husema ndoa imeshika. Wasomi hucheka mambo haya, ila sijamwona msomi aliyethubutu kukitupa kijitawi cha mkewe.

Kichaka cha Nevenka kilitoka kwa mama yake, na cha mama yake kilitoka kwa bibi. Wote walikiiba. Usishangae. Mmea wa kuombwa hunyauka, wa kupewa hukauka, na ukimwambia mtu asante kwa ajili ya mmea, afadhali uutupe hapo hapo usijisumbue kuchimba shimo. Wa kuibwa ndio huota. Kwa hiyo mwenye kichaka hugeuza shingo, mwizi hukata, kila mtu anajua na hakuna anayesema neno. Bibi yake Nevenka aligeuza shingo, na mama yake pia aligeuza shingo.

Majira ya baridi yaliyopita Nevenka alikwenda kupamba harusi mji wa mbali, akasahau kukiingiza kichaka ndani pamoja na pipa lake. Aliporudi alikikuta cheusi, kigumu, majani yakidondoka kwa kuguswa tu. Alilia palepale penye theluji, wala hakuona haya.

"Mama, dukani ipo," alisema Jagoda, akiwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha kahawa. "Iko kwenye vijifuko, na imeshaoshwa."

"Hiyo ni ya kuokea kuku. Wewe unaolewa au unaokwa?"

"Basi nenda kwa Mama Stojanka. Chake kimefika mpaka dirishani."

Nevenka alichukua mkasi akakata utepe ambao haukuwa na haja ya kukatwa.

"Kwa Stojanka siendi."

"Ile ni rozmari ya bibi, Mama. Ndiyo iliyobaki duniani."

"Naijua ni ya nani."

"Sasa mtaacha lini, nyie watu wazima?"

"Nyie akina nani? Mimi nimegombana na nani? Yeye ndiye aliyeweka matete kwenye uzio."

Jagoda alitikisa kichwa, akanywa kahawa yake. Alikuwa na tabia ya baba yake, Mungu amrehemu, ya kunyamaza mahali ambapo kusema kungekuwa nafuu.

Ni kweli Stojanka aliweka matete. Lakini matete hayajipeleki yenyewe kwenye uzio wa mtu.

Wanawake hawa wawili walikuwa majirani tangu walipoolewa, na kwa miaka yote hiyo walikunywa kahawa ya asubuhi pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mmoja akikaanga pilipili, mwingine alijua kabla hajasikia harufu. Kisha mtoto wa kiume wa Stojanka akapata mchumba wa mjini. Siku wakwe walipokuja kupanga harusi, Stojanka aliwaacha mezani na keki ya jozi, akachomoka nyuma ya nyumba, akapenyeza mkono kwenye uzio wa Nevenka kukata kijitawi cha mkwe wake mtarajiwa. Alikuwa anaiba kama inavyotakiwa, kwa heshima zote.

Nevenka alikuwa dirishani. Alikuwa amechoka, ametoka kupamba ukumbi mkubwa, na akili yake ilikuwa na utani mwingi kuliko busara. Akapiga kelele kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Mwizi! Jamani, mkamateni mwizi!"

Alicheka mwenyewe. Wakwe wa mjini hawakucheka. Walitoka barazani wakamkuta mwenyeji wao ameinama uzioni, mkono uko kwa jirani, kitu cha watu kiko mkononi. Mambo ya rozmari hawakuyajua, na Stojanka, kwa kuaibika, alishindwa kueleza. Mama wa mchumba alirudi mezani akaupakata mkoba wake kifuani mpaka wakati wa kuondoka. Aliupakata hata alipokuwa anakula keki.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kesho yake matete yakasimama uzioni, marefu kuliko mtu. Harusi ile ilipambwa na kampuni kutoka mjini, na maua yalikuwa ya plastiki. Nevenka aliyaona kupitia dirishani yakipita juu ya gari, yakamuuma kama ametukanwa. "Ulikuwa utani tu," alimwambia kila aliyemuuliza. Mtu mmoja tu hakumwambia kitu, na ndiye aliyepaswa kuambiwa.

Ila kijitawi kile, maana Stojanka hakukiachia mkononi hata katika aibu ile, kilishika mizizi. Kikawa kichaka kando ya kisima chake, kipana, chenye kung'aa, kikinukia mpaka upande huu wa matete. Nevenka alikuwa akikinusa kila asubuhi akinywa kahawa yake peke yake.

Alhamisi ni siku ya soko. Stojanka hakuwahi kukosa soko, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa hiyo saa sita mchana Nevenka alifunga kitambaa kichwani, akachukua kapu, akatoka barabarani huku anatazama juu kama mtu anayepima hali ya hewa. Lango la Stojanka, ambalo miaka yote hiyo lilikuwa na komeo, siku hiyo lilikuwa wazi upana wa kiganja. Akaingia kwa ubavu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, mwanamke mzima wa umri wake.

Akapiga kona ya nyumba, akasimama kama kigogo.

Stojanka alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, sinia la cheri magotini, anatoa mbegu moja moja kwa pini ya nywele. Alikuwa ameupa ua mgongo, na uso ameuelekeza ukutani. Hakuna mtu anayetoa mbegu za cheri akitazama ukuta, ilhali mwanga wote uko nyuma yake.

Nevenka alirudi nyuma hatua moja. Kokoto zikalia.

Stojanka hakugeuka. Alimwambia paka wake aliyelala miguuni: "Maca, mwaka huu nasikia wezi wamekuwa wengi."

Paka alifumbua jicho moja.

"Ukimwona mmoja, Maca, mwambie mkasi uko juu ya kisima. Asije akavunja matawi kwa mikono kama mbuzi."

Mkasi ulikuwa juu ya kisima kweli, na ulikuwa umenolewa. Nevenka aliuchukua. Alikata tawi la kwanza, na harufu ikampanda puani: jikoni kwa mama yake, sanduku la nguo, siku aliyoolewa yeye. Akafuta macho kwa kiwiko.

"Na mwambie, Maca, azunguke kichaka chote. Akikata upande mmoja ataniachia kipara."

Nevenka alizunguka. Alikata taratibu, palepale panapostahili kukatwa, hivi kwamba kichaka kilibaki na umbo lake kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi mzuri. Kapu likajaa. Kulikuwa na vijitawi vya wageni wote, na chini kabisa, kwenye kitambaa chenye maji, kijitawi kimoja kichanga cha Jagoda.

Sasa ilikuwa zamu yake kusema, na neno lililomjia mdomoni lilikuwa lile lile lililokatazwa. Asante ingeua kila kitu ndani ya kapu. Aliling'ata. Nyuma ya hilo kulikuwa na neno lingine, la zamani zaidi, la siku ile ya wakwe. Nalo halikutoka.

"Maca," alisema mwishowe, na sauti yake aliiona ngeni, "Jumamosi kwetu tunaoza. Watu wanakusanyika asubuhi."

Mbegu ya cheri ilidondoka siniani, kisha nyingine.

"Maca haendi mahali asipoalikwa," alisema Stojanka akiuambia ukuta.

"Si ndiyo nimemwalika?"

"Maca atafikiria. Ana mambo mengi."

Nevenka alirudi kwake na kapu lake. Jagoda aliangalia rozmari, akamwangalia mama yake, akafungua mdomo.

"Usiulize," alisema Nevenka. "Kaa hapa, shika utepe, funga."

Jumamosi kulikucha bila wingu. Upinde wa getini ulikuwa umejaa mawaridi, na katikati ya mawaridi Nevenka alipenyeza rozmari, ili atakayepita chini yake apate harufu kabla ya kuona. Huko ndiko kupamba, kama unataka kujua. Maua ya kutazamwa tu hata plastiki inaweza. Watu wa bwana harusi walifika kutoka mji wa Novi Sad na kinanda chao cha kukunjua, magari yakipiga honi tangu mwanzo wa mtaa. Ognjen, bwana harusi, alikuwa ameshakunywa kidogo kwa woga. Mama yake, Zorica, alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mwenye gauni la kijivu na mkoba mdogo wa rangi ya fedha. Wasichana waliwapokea getini wakawabandika vijitawi, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akachukua glasi yake ya rakija, pombe yetu kali ya matunda.

Nevenka alikuwa na kijitawi kimoja mfukoni. Alikuwa akikigusa kila mara, na kila mara akitazama lango la jirani.

Stojanka alikuja wakati ambao kila mtu alikuwa ameshabandikwa. Alivaa gauni lake la bluu, lile alilolishonesha kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Alipita kati ya watu mpaka chini ya upinde, akasimama. Nevenka alitoa kijitawi na pini, akamsogelea, moyo wake umejaa.

Stojanka alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha kidole.

"Mwizi!" alisema kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Jamani, muoaji na wakwe, muangalie mnaoa nyumba gani! Huyu ni mwizi!"

Kinanda kilikata pumzi katikati ya wimbo. Glasi zilisimama hewani. Zorica, bila kujijua, aliuinua mkoba wake wa fedha akaukumbatia kifuani.

Joto lilimpanda Nevenka kutoka shingoni hadi kwenye ncha za masikio. Watu wote wale walikuwa wanamtazama, wapole, waliovaa vizuri, na wote walikuwa wameshaamini. Hapo ndipo alipojua. Miaka yote alidhani aibu kama ile ni kitu cha kufumba na kufumbua, utani, mtu anacheka yanaisha. Kumbe kinakuwa kirefu namna hii. Kumbe mtu anasimama ndani yake kama amevuliwa nguo.

Alimtazama Stojanka usoni, akitarajia kukuta furaha ya kulipiza. Hakuikuta. Kidevu cha Stojanka kilikuwa kinatetemeka.

"Ni kweli," alisema Nevenka. Sauti ilikatika, akaanza upya, kwa nguvu, ili mpaka wa mwisho getini asikie. "Ni kweli, jamani. Rozmari mliyovaa nyote nimeiiba kwake, mchana kweupe. Na yeye alipokuja kuiba kwangu, siku ya wakwe zake, nilimpigia kelele nikamwaibisha. Hakuwa mwizi. Alifanya kama mama zetu walivyotufundisha. Mimi ndiye niliyekosa adabu. Nisamehe, Stojanka."

Kwenye ngazi, Jagoda na shela lake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Stojanka alivuta pumzi ndefu puani, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Kisha alimgeukia Zorica.

"Shusha mkoba, mama," alisema kwa upole. "Ya kuibwa ndiyo huota."

Wazee walioelewa walianza kucheka, na wale wa Novi Sad wakacheka kwa kuwafuata, na mwenye kinanda akakumbuka kazi yake. Stojanka alisogea, akatoa kifua. Nevenka aliinama na pini, lakini machozi yalimziba macho, na mkono uliobandika vijitawi vya nusu ya Srem ulikosa kitambaa.

"Unanichoma, we mwizi."

"Tulia basi, na wewe."