Risiti ya Marehemu

Mkwe wangu akiniuliza hali ya mguu mara mbili, najua ana jambo. Jumatano ile aliuliza mara tatu, na macho yake hayakuwa kwenye mguu. Yalikuwa ukutani.

Ukutani palikuwa na picha ya mwanangu, Mungu amrehemu, na pembeni yake risiti niliyoitia fremu. Mwanangu alikuwa fundi bati. Kila mvua zikikaribia alikwenda kuziba paa la nyumba ya watoto yatima, bure, akiwaahidi kwamba ipo siku atawaezekea jipya. Siku hiyo hakuifikia. Mwaka jana mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akalipia mabati yote kwa hela aliyopata kwa kushona sare za shule. Kwa kuwa ahadi ilikuwa ya mumewe, akawaambia wasimamizi wa nyumba ile, "Risiti andikeni jina lake." Kisha akaniletea mimi. Kila mgeni nilimsomea, hata muuza mkaa.

"Kaa basi, mwanangu," nikamwambia. "Ukuta hauna miguu."

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Mama, natoka ofisi ya kodi. Ukitoa msaada mahali palipoandikishwa, unapunguziwa kodi. Karatasi ya benki ninayo, barua ya usajili wa nyumba ya watoto ninayo. Risiti ndiyo imenikwamisha. Karani anataka iwe na jina la mlipakodi mwenyewe, na namba yake. Anasema marehemu halipi kodi."

"Mwambie hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata."

Akacheka kidogo, akaacha. "Mwisho Ijumaa. Nisipopunguziwa, itabidi niuze mashine ya vifungo nilipe kodi, na sare za muhula mpya sijazimaliza. Na nyumba ya watoto hawatoi risiti mpya mpaka hii irudi. Mama, nimekosa pa kuanzia kukwambia."

Mdomoni nilikuwa na neno "uza", limekaa tayari kabisa. Yeye hakuniomba tena. Alitoa uzi uliokuwa umenasa kwenye mkono wa gauni lake, akauzungusha kidoleni, akausubiri mdomo wangu. Nikasimama, nikaiteremsha fremu.

Kesho yake asubuhi tukaenda wote wawili. Mtunza hazina wa nyumba ya watoto, watoto wenyewe humwita Miwani Mbili, kwa sababu moja huivaa machoni na nyingine huisahau kichwani. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu cha risiti.

"Hela moja haiwezi kuwa na risiti mbili, Bibi. Hii naibandika hapa ilipokatwa, naandika IMEFUTWA, halafu namwandikia mama huyu risiti mpya."

Kalamu ikaelekea moja kwa moja juu ya jina.

"Subiri kwanza. Kitendawili!"

"Bibi, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ana jina, hana namba, hana deni, na watoto wa watu wanalala wakavu kwa ajili yake."

"Paa."

"Paa lina jina?"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua wowote, Bibi. Chukua hata huu."

"Nimeuchukua. Ni mwanangu, huyo unayetaka kumfuta."

Kalamu ikasimama. Mkwe wangu akaangalia sakafu. Miwani Mbili akavua miwani ya machoni, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

"Kanuni inataka risiti ifutwe," akasema polepole. "Lakini haikusema mstari upite wapi."

Akapiga mstari juu ya kiasi cha hela, na lile neno IMEFUTWA akaliandika chini, kando ya muhuri. Jina hakuligusa. Kisha akaandika risiti mpya: jina la mkwe wangu, namba yake ya mlipakodi, na maneno kwamba inachukua nafasi ya ile ya zamani, kwa malipo ya benki ya tarehe fulani. Mkwe wangu akamsomea namba ile tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayehesabu vifungo vya mteja mkali.

Tulifika ofisi ya kodi kabla ya saa ya chakula. Karani akashika risiti, akakunja uso.

"Mbona tarehe ni ya leo na malipo ni ya mwaka jana?"

"Soma mstari wa chini, baba," nikamwambia. "Usiishie juu kama mtu anayesoma tangazo la msiba."

Akasoma. Akalinganisha na karatasi ya benki, akageuza barua ya usajili mbele na nyuma, kisha akagonga muhuri. Mkwe wangu akashusha pumzi nikaisikia.

Nje akanishika mkono kwenye ngazi. "Mama, mwaka huu nataka kuwapelekea magodoro. Niandikishe jina la nani?"

"Lako. Na tangu siku ya kwanza."

"Na yeye je?"

"Yeye tutamtaja kwa mdomo. Huko kodi haifiki."

Akacheka mpaka mlinzi akageuka. Akanipeleka kituoni, akanikalisha kwenye kivuli, akakimbilia vifungo vyake.